Vikokotoo vya umbali wa ndege, Nairobi hadi New York: kilomita ziamini, saa zipime upya

Nikisema kikokotoo hapa simaanishi kile cha mafao ya pensheni kilichowatoa watu jasho Tanzania. Nazungumzia zile tovuti unazoandika jina la kiwanja kimoja na kingine, zikakupa kilomita na saa za kuruka. Nazitumia karibu kila siku kupangia watu safari ndefu, na kwa tathmini hii nimezipima zote kwa njia moja tu: Jomo Kenyatta, Nairobi (NBO) hadi John F. Kennedy, New York (JFK). Kenya Airways ilianza kuruka njia hii moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, na tangu hapo swali ni lilelile: ni mbali kiasi gani, na ni saa ngapi hewani?

Jibu la kwanza halina ubishi sana: ni kilomita 11,840 hivi. Jibu la pili ndilo linalowakosesha watu ndege za kuunganisha.

Kwa umbali peke yake, ninayoipendelea ni Great Circle Mapper. Sura yake ni ya kizamani, haina madoido, lakini inafanya kazi. Unaandika NBO-JFK, inachora mstari na kukupa umbali pamoja na uelekeo wa kuondokea. Ukitaka kulinganisha na njia ya kuunganisha, tuseme kupitia Dubai (DXB), unaandika NBO-DXB-JFK, na inajumlisha yenyewe. Andika herufi tatu za kiwanja, usiandike jina la mji. Ukiandika "New York" kwenye tovuti nyingine, unaweza kupewa umbali hadi katikati ya mji, au hadi Newark (EWR) iliyoko jimbo la New Jersey, ng'ambo ya pili kabisa ya jiji. Nairobi nako kuna Wilson (WIL), kiwanja cha ndege ndogo. Ukiangalia kwa umbali tu, kosa hili ni la kilomita chache. Ukiangalia nauli ya teksi na muda wa kufika kiwanjani, ni kosa kubwa.

Asiyeamini tovuti anaweza kufanya hesabu mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta. Weka latitudo kwenye safu B na longitudo kwenye safu C, mstari wa 2 uwe Nairobi (-1.3192, 36.9278) na mstari wa 3 uwe JFK (40.6398, -73.7789), kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Utapata 11,837. Ile 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita, ikichukuliwa kwamba dunia ni mviringo kamili kama chungwa. Kwa kweli imebonyea kidogo kwenye ncha, nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye Ikweta na 6,357 kwenye ncha, na tovuti zinazozingatia hilo hutoa namba iliyopishana na hii kwa kilomita kumi hivi. Mtu akikuletea 11,837 na mwingine 11,850, wote wako sawa.

Kosa la kweli liko kwenye alama ya kutoa. Nairobi iko kusini ya Ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni hasi. Ukisahau kile kistari, Nairobi inahamia kaskazini ya Ikweta na umbali unashuka hadi 11,640 hivi. Namba hiyo inaonekana ya kuaminika kabisa, ndiyo maana ni hatari. Ukisahau kistari cha longitudo ya JFK utapata kilomita 5,970, na hapo afadhali utashtuka mwenyewe, kwa sababu umeihamishia New York nchini Kyrgyzstan.

Halafu kuna maili. Kikokotoo kimoja kitakuambia maili 7,360, kingine 6,390, na watu hudhani kimoja kimeharibika. Cha kwanza kimetumia maili ya nchi kavu, mita 1,609. Cha pili kimetumia maili ya baharini, mita 1,852, ambayo ndiyo ya marubani na mabaharia. Ukikutana na namba isiyo na kipimo pembeni, izidishe kwa 1.609 na kwa 1.852 uone ipi inaangukia karibu na 11,840.

Nakuja kwenye ramani, maana hapa ndipo wengi hubisha. Ukitandaza ramani ya ukutani na kuweka rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari unapita kaskazini mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni, Nijeria, Burkina Faso na kutokea pwani ya Mauritania. Njia hiyo ni ya kilomita 12,190 hivi, ndefu kwa 350 kuliko ile fupi. Njia fupi, inayoitwa duara kuu, inaonekana imepinda kwenye karatasi lakini juu ya tufe imenyooka. Chukua uzi, ubane ncha zake kwenye tufe la darasani kisha uuvute: utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, pembe ya kaskazini mashariki ya Niger, Algeria, Morocco karibu na Marrakech, visiwa vya Azores, halafu maji matupu. Unapanda hadi latitudo ya 42 na kidogo kusini mwa Newfoundland, ilhali JFK yenyewe iko chini ya 41. Abiria anayeona kwenye skrini ndege ikishukia New York kutoka kaskazini mashariki asifikiri rubani amepotea.

Vikokotoo havijui siasa. Mstari ule unakata pembe ya Sudan, ambako anga ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga yake baada ya mapinduzi, na ikafungua mwezi uliofuata. Ndege huzunguka, na mzunguko unaongeza kilomita ambazo tovuti haizihesabu. Hata siku njema, ndege haifuati duara kuu kwa usahihi wa uzi. Inafuata njia iliyopangwa siku hiyo kwa kuangalia upepo, mawingu ya mvua za radi juu ya Afrika ya kati na njia walizopangiwa juu ya Atlantiki. Kwenye hesabu zangu naongeza asilimia 3 juu ya umbali wa tovuti, na mara nyingi natua karibu.

Sasa saa. Vikokotoo vingi vya bure vinafanya jambo moja rahisi: vinagawa umbali kwa mwendo wa kukisia, mara nyingi maili 500 kwa saa, kisha vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa njia hii unapata saa 15 na dakika 13 hivi. Ukilinganisha na ratiba ya Nairobi kwenda New York, ambayo ni kama saa 15, utaisifu tovuti. Geuza safari, andika JFK-NBO, na itakupa saa 15 na dakika 13 zilezile. Ratiba ya kurudi ni saa 14 na kidogo. Tovuti ilipatia mara ya kwanza kwa bahati tu.

Sababu ni upepo. Huko juu, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki, na huwa mikali zaidi wakati wa baridi ya kaskazini. Ndege inayokwenda Marekani inakabiliana nayo uso kwa uso. Wavuvi wa pwani wangesema upepo uko omo, yaani mbele ya chombo. Inayorudi inasukumwa tezini, yaani kutoka nyuma. Fanya hesabu kwa mfano: Boeing 787 inakwenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Chukua kilomita 12,200, yaani umbali pamoja na ile asilimia 3. Toa upepo wa 60 kwa wastani wa njia nzima, unabaki na mwendo wa 840, sawa na saa 14 na nusu hewani. Ongeza 60 badala ya kutoa, unakuwa na 960, sawa na saa 12 na dakika 40 hivi. Weka juu yake muda wa ardhini, ambao JFK huwa mrefu kwa sababu ya foleni ya kuruka, na unaona mara moja kwa nini kwenda na kurudi haviwezi kulingana. Kikokotoo kinachotoa muda mmoja kwa pande zote mbili kimegawanya tu, hakijakokotoa.

Kuna muda wa aina mbili, na tovuti nyingi hazisemi zinatoa upi. Muda wa hewani unaanza magurudumu yanapoacha ardhi na kuisha yanapogusa. Muda wa ratiba, ule wa kwenye tiketi, unaanza ndege inapoachia geti na kuisha inapoegesha, na shirika huongeza dakika za akiba humo. Tofauti ni dakika 30 hadi 50 kwenye viwanja vyenye msongamano. Kwa hiyo rubani akitangaza saa 14 na dakika 10 na tiketi inasema 15, hakuna aliyekosea.

Jambo jingine ambalo hakuna kikokotoo kitakachokuambia ni mwinuko. Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. JFK iko mita 4 tu. Kwenye hewa nyepesi mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba, na injini zinatoa nguvu pungufu. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 ni nzito, na joto la mchana linazidi kuipunguzia uwezo, ingawa njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ndiyo faida ya kuondoka usiku kukiwa na baridi. Kwa maelezo ya kiwandani 787-8 inaweza kwenda takribani kilomita 13,500, na mtu anayesoma hapo atasema 11,840 ni mchezo. Namba ile haijafikiria kiwanja cha milimani wala upepo wa mbele.

Ratiba iliyotangazwa kwa uzinduzi, ukiisoma kwa saa za majira ya baridi, inafaa kwa kujifunzia kutoa saa. Kwa ratiba hiyo ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 kesho yake. Ukisoma haraka utasema saa 7. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo 06:25 ya kule ni 14:25 ya Nairobi, na safari ni saa 15 kamili. Kurudi inaondoka 12:25 na kufika Nairobi 10:55 kesho yake. Kwa macho ni saa 22 na nusu. Geuza 12:25 iwe 20:25 ya Nairobi, na unapata saa 14 na nusu. Badili kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo utoe. Ukitoa kwanza, utachanganyikiwa.

Tofauti hiyo ya saa 8 haikai mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katikati hapo tofauti ni saa 7. Ulaya wao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo anayeunganisha Amsterdam anakuta tofauti ya Ulaya na Marekani si ile aliyoizoea. Usitegemee kichwa kwenye majuma hayo.

Na sisi tuna mtego wetu wenyewe. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Ukimwambia shangazi kwa simu "ndege saa tano", aliyezoea saa za simu yake ataandika 05:00. Mbaya zaidi ni ndege ya saa sita na nusu usiku "wa Ijumaa": kwenye tiketi hiyo ni 00:30 ya Jumamosi, na mtu anafika kiwanjani siku nzima baadaye. Namwandikia msafiri vyote viwili, saa ya Kiswahili na ya tiketi, na tarehe ya siku ya kufika kiwanjani badala ya tarehe ya kuruka.

Muda wa kweli nauchukua kwenye historia ya safari, Flightradar24 au FlightAware. Unatafuta namba ya safari, kwa mfano KQ2, unafungua orodha ya siku zilizopita, unaandika muda wa kuruka na wa kutua wa safari tano au sita, unachukua wastani na ule mrefu kuliko yote. Wastani ni wa kumwambia msafiri. Ule mrefu ni wa kupangia ndege ya kuunganisha. Hakikisha kwanza tovuti inaonyesha saa za wapi, kwani unaweza kuwekewa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Pia usishtuke ndege "ikipotea" juu ya Sahara au katikati ya Atlantiki. Vipokezi vya ardhini havifiki huko, na mstari unaouona hapo ni wa makisio.

Kwa kulinganisha njia za kuunganisha, kilomita zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kupitia Amsterdam ni karibu kilomita 12,520, sawa na 690 tu za ziada, kwa sababu Amsterdam haiko mbali sana na uelekeo wa safari. Kupitia Dubai ni kama 14,570, yaani unakwenda 3,560 kaskazini mashariki kwanza, halafu unaanza safari ya kilomita 11,000 ambayo nayo inakaribia ile ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Nauli ya Dubai ikiwa nafuu, ni sawa, lakini ujue unachonunua: zaidi ya kilomita 2,700 za ziada na kupaa na kutua mara mbili. Anayetoka Dar es Salaam aongeze kama kilomita 670 hadi Nairobi, wa Mombasa 425.

Maksi zangu. Umbali wa Great Circle Mapper: 5 kati ya 5. Historia ya safari kwenye tovuti za kufuatilia ndege: 4, moja nimeipunguza kwa sababu bila kulipa unaona siku chache tu. Zile kurasa za "umbali na muda wa kuruka" zilizojaa matangazo: 2, na hizo ni za kilomita tu. Moja yao, sitaitaja, ilinipa muda wa safari ya moja kwa moja kati ya viwanja viwili ambavyo havina ndege ya moja kwa moja kati yao, na haikuandika popote kwamba ni makisio. Msafiri alikuja na karatasi iliyochapwa akidai tiketi hiyo.

Kwa anayetumia insulini au dawa za saa maalumu, acha saa za ukutani zote mbili. Hesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, mpangilio huo upitie na daktari kabla ya safari, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kwa aliyefunga, ndege inayoondoka Nairobi usiku kwenda magharibi inakimbia mbele ya jua: wakati wa baridi, kwa ratiba ile ya 23:25, giza linaweza kudumu safari nzima, na alfajiri ya saa ya Nairobi inapita ukiwa bado juu ya Sahara, usiku mtupu dirishani. Daku utaikuta njiani, na itakuwa ya kuchelewa sana kwa saa uliyotoka nayo nyumbani.